Barza mbele, boyeri nyuma

Mvua ya Kisangani haikupi nafasi ya kufikiri. Jumamosi moja ilinikuta Makiso nikiwa nyuma ya pikipiki, na dereva, bila kuniuliza, akakata kona na kuingia kwenye paseli ya kwanza yenye lango wazi. Tukajikuta chini ya barza ya nyumba ya zamani ya Wabelgiji pamoja na watu saba, mbuzi mmoja na beseni la mikate lililofunikwa nailoni. Mama mwenye nyumba, au niseme mwenye sehemu ya nyumba, wala hakushtuka. "Karibu, papa," aliniambia, akinisogezea kiti cha plastiki. "Ikala hapa, ndani kuna joto."

Nikakaa. Umeme ulikuwa umekatika, simu haina moto, na mvua haikuwa na haraka. Nikaanza kuisoma nyumba.

Sakafu ya barza ni saruji iliyotiwa rangi nyekundu. Katikati imeng'aa kwa nyayo za miaka mingi, pembeni imefubaa. Nguzo nne nene za matofali zimebeba paa linaloshuka chini sana, hata jua la saa nane mchana haliufikii ukuta. Nyumba nzima imeinuliwa juu ya msingi, karibu kimo cha kiuno, kwa kuogopa mchwa na unyevu. Chini ya paa kuna safu ya matundu ya kupumulia, mengine yamezibwa kwa matambara kwa sababu ya popo. Mlango mkubwa ni wa kambala, mti wa misitu yetu wenyewe. Bawaba zimebadilishwa mara nyingi, mbao haijapinda. Huko nyuma, ng'ambo ya mwembe, vipo vyumba viwili vidogo vilivyoegemea ukuta wa mwisho wa paseli, kila kimoja na mlango wake na dirisha lisilozidi upana wa sinia. Hiyo ndiyo boyeri.

Mtu wa Kisangani huyatamka maneno hayo mawili kila siku bila kuyasikia. Barza ni baraza ya Pwani, lile benchi la mawe lililoshikamana na ukuta wa nyumba za Lamu na Unguja, ambapo mgeni hupokewa bila kuingizwa ndani. Lilipanda huku na Waungwana, watu wa misafara kutoka Zanzibar na Unyamwezi, ambao ndio waliotuachia hata jina la Kingwana, Kiswahili chetu cha huku. Walileta mpunga, kanzu, na nyumba ya pembe nne yenye kibaraza mbele. Wabelgiji walipokuja kujenga walilichukua neno likaingia kwenye Kifaransa chao cha kikoloni, likawa barza. Boyeri nalo limetoka kwenye neno la Kiingereza la mtoto wa kiume, ambalo wakoloni wa kila taifa walimwitia mtumishi hata akiwa na mvi, likafungwa mkia wa Kifaransa. Kwa hiyo katika nyumba ya Mbelgiji, mahali pa bwana kukaa pana jina la Kiswahili, na mahali pa mtumishi kulala pana jina la Kiingereza. Mbelgiji alichangia kiishio tu.

Jambo hilo la majina lilinipeleka mbali, hadi Surrey, kusini mwa Uingereza, kwenye nyumba ya mtu ambaye mji huu ulibeba jina lake hadi mwaka 1966.

Henry Morton Stanley hakuwahi kuwa na nyumba hapa. Januari 1877 alipita kwenye maporomoko akipigana na kubeba mitumbwi nchi kavu. Desemba 1883 alirudi kutokea upande wa bahari ya magharibi, akamwacha mhandisi mmoja Mskoti, Binnie, na kikundi kidogo cha askari kwenye kisiwa cha Wana Rusari, kisha akageuza meli. Kituo chenyewe kiliteketea mwaka 1886 katika vita na Waarabu. Mwaka uliofuata Stanley huyohuyo alikwenda Zanzibar kumwomba Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, awe gavana wa maporomoko kwa niaba ya Mfalme Leopold II, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mji wetu basi ulianzishwa na mtu asiyekaa, ukatawaliwa na mtu aliyekuwa tayari anautawala.

Nyumba Stanley alikuja kuinunua mwaka 1898, akiwa na miaka 57 na afya iliyochoka kwa malaria. Iliitwa Furze Hill, kwenye kijiji cha Pirbright. Mtu huyu alizaliwa Denbigh, Wales, kwa jina la John Rowlands, akalelewa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph, ambako watoto wasio na baba walilishwa kwa kodi ya wilaya na kukumbushwa hilo kila siku. Aliyekulia humo akinunua nyumba ya shamba yenye miti, mto na bwawa hanunui paa peke yake. Aliongeza vyumba, akaweka mtambo wake mwenyewe wa umeme. Nikiwa gizani pale Makiso niliona hilo la umeme ni la kuumiza kidogo.

Mke wake, Dorothy Tennant, alifanya jambo ambalo tangu nilipolisoma sijaweza kulisahau. Alilipa eneo lile majina ya Afrika. Bwawa la bustani likawa Stanley Pool, jina ambalo wakati huo lilikuwa la ziwa letu la Malebo. Kijito kilicholilisha kikawa Kongo. Kijisitu cha misonobari kikaitwa msitu wa Aruwimi, ule ule ambamo mamia ya wapagazi wa Zanzibar walifia wakimfuata Stanley kati ya 1887 na 1889. Shamba moja likaitwa Unyamwezi. Ukingo mmoja wa bwawa ulikuwa Umfwa, mwingine Kinchassa, na hivyo bibi akimaliza chai aliweza kutembea kutoka Brazzaville hadi Kinshasa bila kulowesha viatu. Dorothy mwenyewe ndiye aliyeyasimulia hayo alipochapisha kitabu cha maisha ya mumewe mwaka 1909, na anasema mumewe alifurahi na kuyatumia majina hayo.

Ili kuelewa kwa nini mtu atake nyumba kama ile, na kwa nini nyumba ile itake kijito na msitu, ni lazima kurudi nyuma kwenye nyumba za kale za mabwana wa mashamba wa Kiingereza, kwa sababu matajiri wa zama za Stanley walikuwa wakizitamani hizo. Surrey ya miaka ile ilijaa wasanifu waliojenga nyumba mpya zenye sura ya uzee. Edwin Lutyens, kijana bado, alimjengea mtunza bustani Gertrude Jekyll nyumba ya Munstead Wood mwaka 1896 na 1897, kwa mawe ya kienyeji na mbao za mwaloni, ili ionekane kama imeota pale.

Nyumba ya kale yenyewe ilikuwa chumba kimoja. Hilo ndilo linalosahaulika mtu akitazama picha za minara na madirisha. Kiini chake ni ukumbi, ambao wao waliuita hall. Mfano mzuri uliobaki mzima ni Penshurst Place, huko Kent, ambao mfanyabiashara wa London, John de Pulteney, aliujenga ukakamilika mwaka 1341. Paa lake ni la mbao za mti wa chesinati, limeinuka futi 60, na katikati ya sakafu bado lipo jiko la moto lenye pembe nane. Dohani hakuna. Moshi ulipanda wenyewe ukatafuta njia ya kutokea juu. Ukimweleza hivyo mtu wa kijiji cha njia ya Yangambi hatashangaa: moto katikati, moshi unakausha paa na kufukuza wadudu. Tofauti ni kwamba lake ni paa la majani ya mangongo, na la Pulteney lilimgharimu faida ya miaka mingi ya biashara.

Kwenye ukumbi huo bwana, mke wake, wageni, watumishi, walinzi na mbwa walikula pamoja. Pamoja, lakini kwa daraja. Upande wa juu kulikuwa na jukwaa dogo, kimo cha kipandio kimoja, ambako bwana aliketi akiwatazama wote. Upande wa chini kulikuwa na ukuta wa mbao, na nyuma yake milango ya stoo ya mikate, stoo ya mapipa ya bia, na njia ya kwenda jikoni. Jiko mara nyingi lilisimama jengo la peke yake, kwa hofu ya moto. Ukumbini hapohapo bwana aliamua kesi za wapangaji wake: nani kaiba kuni, ng'ombe wa nani kaingia shayirini. Mwafrika yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la chifu angejua aketi wapi.

Kisha mabwana wakaanza kuondoka. Polepole, kwa karne kadhaa. Tayari karne ya 14 mshairi William Langland alinung'unika kwamba matajiri wameuacha ukumbi, wanakula peke yao kwenye kijumba chenye dohani. Naona dohani ndiyo iliyovunja nyumba ile. Moto ukitoka katikati ukaenda ukutani, unaweza kuwa na moto kila chumba, na mwenye moto wake hana haja ya kukaa na wengine. Ndipo nyumba zikaota vyumba, ghorofa, ngazi na madirisha. Mwaka 1590 mwanamke tajiri kuliko karibu wote wa nchi ile, Bess wa Hardwick, alianza kujenga Hardwick Hall huko Derbyshire, na Robert Smythson anatajwa kuwa msanifu wake. Ilipokamilika mwaka 1597 madirisha yake yalikuwa makubwa kiasi cha watu kuitania kwamba vioo vimezidi ukuta. Bess alipokea wageni wakuu ghorofa ya juu kabisa, baada ya ngazi ndefu ya mawe inayopinda kama njia ya mlimani. Ukumbi ulibaki chini, ukawa mahali pa kupitia na pa watumishi kusubiri.

Zama za Malkia Victoria kazi ilikamilishwa. Mwaka 1864 msanifu Robert Kerr alichapisha kitabu kizima kuhusu nyumba ya muungwana wa Kiingereza, na kanuni yake ya kwanza ilikuwa faragha: familia na watumishi wasionane wala kusikiana wasipotakana. Kwa hiyo nyumba moja ikawa na ngazi mbili, ya mbele na ya nyuma. Kengele zikatundikwa kwenye ukuta wa upande wa watumishi, kila moja na jina la chumba chake. Kati ya pande hizo mbili ukawekwa mlango uliovishwa kitambaa kizito cha kijani ili sauti za masufuria zisivuke. Na lile neno la ukumbi mkubwa wa moto wa katikati? Leo kwenye nyumba za Waingereza wa kawaida linamaanisha kijia nyuma ya mlango wa mbele, mahali pa kutundika koti na kuacha mwavuli.

Nikayatia yote hayo kwenye nyumba ya Makiso, na ikaingia kama ufunguo. Mbelgiji wa Stanleyville hakuwa bwana wa Hardwick. Mara nyingi alikuwa karani wa kampuni, mhandisi wa reli ya kwenda Ponthierville au ofisa wa serikali aliyekuja kwa mkataba. Lakini ramani ya nyumba yake ilibeba kanuni ya Kerr. Ngazi ya nyuma iligeuzwa kuwa ua. Umbali kutoka jikoni hadi boyeri ulifanya kazi ya mlango wa kijani, na usiku ulifanya kazi iliyobaki. Jiko lenyewe lilitengwa na nyumba, limeungwa kwa kijia chenye paa, kama la bwana wa kale. Sebule ikapewa dari refu ili joto lipande juu. Dohani haikuwa na kazi, kwa hiyo nyumba ikakosa kitovu cha kukusanyika ndani. Hapo ndipo barza ilipoingia.

Nyumba ya Mwingereza imegeuka ndani, kuelekea moto. Nyumba ya nchi ya joto hutazama nje, kuelekea upepo. Mbelgiji alijenga sebule, akaweka viti vya ngozi na kabati la vyombo, kisha akaishi nje. Barzani alinywa kahawa, akasaini karatasi, akapokea wageni, akawasikiliza wafanyakazi waliosimama chini ya ngazi kofia mkononi. Msingi ulioinuliwa kwa sababu ya mchwa ukawa jukwaa. Yeye juu ameketi, wao chini wamesimama: ni Penshurst tena, bila paa la chesinati. Wala Wabelgiji hawakuwa wa kwanza kuketi hivyo kwenye maporomoko haya.

Kabla yao aliketi Tippu Tip, na yeye pia, kama Stanley, alirudi nyumbani. Aliondoka hapa mwaka 1890, na nyumba yake ya uzee ipo mpaka leo Shangani, Mji Mkongwe, Zanzibar, si mbali na iliyokuwa klabu ya Waingereza. Mlango wake umechongwa kwa mkono mzito, na vipandio vya mbele ni vya marumaru, nyeusi na nyeupe. Humo ndimo alimoandikia maisha yake kwa Kiswahili. Alifariki Juni 1905. Stanley alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja na mwezi, Mei 1904, London. Wakuu wa Westminster Abbey walikataa azikwe kwao, akazikwa Pirbright, chini ya jiwe kubwa la matale lisilochongwa sana, lenye jina lake, miaka yake, neno Afrika, na jina alilopewa kwenye Mto Kongo wa chini, Bula Matari, mvunja mawe. Huku kwetu jina hilo lilikuja kumaanisha serikali yenyewe, yule anayekuja kuhesabu watu na kudai mpira. Wawili hao walitajirika, au walipata sifa, kwa kupita hapa. Nyumba zao zote mbili ziko mahali pengine.

Zilizobaki hapa ni hizi za makarani. Hakuna aliyeziandikia kitabu wala anayekata tiketi ili kuzitazama. Uasi wa 1964 ulizipitia, mamluki wa 1967 wakazipitia, kisha hati zake zikabadilishwa mikono Mobutu alipotangaza kutaifisha mali Novemba 1973. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana siku sita katikati ya mji kwa maelfu ya makombora. Mama yule alinionyesha nguzo ya pili kutoka kushoto: rangi ya tofali lake ni tofauti kuanzia usawa wa bega kwenda juu. Ilijengwa upya na mume wake, kwa matofali ya kuchoma kutoka ng'ambo ya Lubunga. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita ile nzima. Nguzo yenyewe ilishalipwa, kwa mkopo wa shemeji.

Sasa nyumba ina familia tatu. Sebule ya viti vya ngozi imegawanywa kwa ubao wa plaiwudi, upande mmoja analala mwalimu na watoto wake. Chumba cha kulia ni stoo ya mafuta ya mawese. Boyeri imepangishwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na alipotoka mbio kwenye mvua akiwa amejifunika begi kichwani, mama alimwita aje akae na watu. Kodi ya vyumba vile viwili, alinieleza, ndiyo inayolipa karo ya binti yake. Yaani upande wa nyuma ndio unaoulisha upande wa mbele, na hilo, ukifikiri vizuri, halijabadilika tangu enzi za Wabelgiji, ila sasa linaandikwa kwenye daftari.

Barza peke yake haijagawanywa. Nilihesabu matumizi yake kwa saa moja na nusu niliyokaa: mikate iliuzwa, nywele za msichana zilisukwa, mgogoro wa maji ya mtaro ulisikilizwa ukaahirishwa, mzee mmoja alisinzia, na dereva wangu akatengeneza cheni. Wiki iliyotangulia, mama alisema, palikuwa na matanga hapa, watu walilala sakafuni siku tatu. Hakuna aliyewaza kuyafanya sebuleni. Jioni umeme ukirudi huja watu kuchaji simu, ukikatika huja watu kupunga upepo. Ukumbi wa Waingereza ulianza na kila mtu ukaisha na mwavuli. Barza ya karani, iliyojengwa kwa ajili ya kiti kimoja, imeishia na kila mtu.

Mvua ilipopungua nilimsimulia mama habari ya Furze Hill. Nilimwambia kuhusu bwawa lililoitwa Stanley Pool, kijito kilichoitwa Kongo, na bibi aliyevuka kutoka Kinshasa kwenda ng'ambo kwa miguu kabla chai haijapoa. Alisikiliza hadi mwisho, mikono ikiendelea kusuka. Dereva alikuwa ameshawasha pikipiki.

"Na hiyo Kongo yao," akauliza, "ilikuwa na samaki?"